Fungu la Abdulrahmani

Mwaka ule wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, Kuruthumu alichoka uchovu usioondoka kwa kulala. Alikuwa muuzaji wa duka la ushirika mjini Kasulu, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba unga umekwisha. Wengine walikuwa wametembea kutoka Heru Juu na vikapu vitupu. Waliitikia, wakageuka, wakaondoka bila kumtukana. Afadhali wangemtukana.

Halafu arudi nyumbani akute nini? Unga uleule unatupwa.

Mumewe, Abdulrahmani, alivuka mpaka kwenda Burundi mwaka wa sabini na mbili na mifuko ya chumvi ya Uvinza ya kuuza. Vurugu zikamkuta hukohuko, na tangu hapo haikuja barua wala salamu. Lakini mama yake, Bi Tunu, aliendelea kumpikia. Kila jioni alisonga ugali wa watu watatu, akala na mkamwana wake, kisha fungu la mwanawe akalifunika kwa kawa. Asubuhi lilikuwa gumu kama tofali, naye akalibeba mwenyewe hadi kwenye shimo la migomba. Kulila wao haikuwezekana. Kwa Bi Tunu, kula fungu la mtu aliye safarini ilikuwa sawa na kumwekea matanga.

Na unga huo ulitoka dukani, kilo moja kwa kichwa kila juma. Abdulrahmani alikuwa kichwa. Kuruthumu ndiye aliyemwandika kwenye orodha, na kila Jumamosi alimpimia kilo yake huku akiangalia pembeni.

Miaka miwili alinyamaza. Halafu Jumanne moja akaja Veronica, mjane wa Heru Juu, ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha kwa sababu alihamia watu wakiwa wameshaandikwa. Akaomba chochote. Kuruthumu alifagia sakafu ya stoo, akamfungia mavumbi yenye unga ndani yake. Mama yule alishukuru kwa mikono miwili.

Jioni hiyo Bi Tunu alipopakua fungu la tatu, maneno yakamtoka Kuruthumu kabla hajayapima.

"Mama, leo nimemfagilia mtu sakafu apate cha kuwapikia watoto. Mimi nimechoka kumpikia asiyekula."

Bi Tunu alifunika fungu, na asubuhi akalibeba shimoni kama kawaida. Kuruthumu aliona aibu, na hasira haikumwisha vilevile. Siku tatu zilizofuata waliongea habari za kuni na maji tu.

Jumamosi, Bwana Dionis, msimamizi wa duka, aliamuru majina yaandikwe upya, wasiokuwapo watolewe, maana unga ulioletwa ulikuwa nusu ya ule wa kawaida. Kila kaya ilitakiwa ije itaje watu wake. Mzee Ntirampeba alitaja watoto tisa. Majirani wakamsaidia kuhesabu, wakafika sita. Watu walicheka kidogo, kicheko cha wenye njaa. Kuruthumu aliandika bila kuinua kichwa, mpaka alipoona mkono anaoujua umeshika ukingo wa kaunta.

Bi Tunu hakuwa na kawaida ya kuja dukani. Alikuwa amevaa kanga zake za Idi.

"Kaya yako, mama?" Kuruthumu aliuliza, kwa kuwa watu walikuwa wanasikia.

"Wawili."

Mji mzima ulijua habari za lile fungu. Kuruthumu alishika kalamu, isiandike. Hilo ndilo alilolitaka, na sasa alitamani bibi yule alirudishe neno lake mdomoni.

"Mama, si lazima iwe leo."

"Andika, mwanangu. Mwenye watoto yuko nyuma yangu."

Kweli, Veronica alikuwa nyuma yake, amebeba mmoja mgongoni. Kuruthumu akaandika wawili, kisha akaandika jina la Veronica na wanawe. Alimpimia mkwewe kilo mbili. Bi Tunu akazifunga vizuri, akajitwisha, akashika njia bila kugeuka.

Kuruthumu alimkabidhi Bwana Dionis kalamu. Akaingia stoo, akakaa juu ya magunia matupu, akamlilia mumewe kilio cha mjane, ambacho kwa miaka miwili hakuwa na ruhusa ya kukilia.