Panzi Alipopotea Hewani

Jina lake la ukumbini lilikuwa Panzi. Alilipata akiwa mtoto mdogo, siku alipoachiwa kwenye zulia la jimnastiki akaruka mpaka wakubwa wakaacha shughuli zao kumtazama. Kocha alikuwa mdogo wake mama yake, mwanamke mfupi mwenye viganja vikavu kama msasa, na baina yao kulikuwa na makubaliano: nyumbani ni Mamdogo, ukivuka mlango wa ukumbi ni Kocha, na undugu unabaki nje pamoja na viatu.

Mpango huo ulikwenda vizuri miaka mingi. Panzi alishinda kwenye boriti, ule mti mwembamba wa kutembelea juu, akashinda kwenye vyuma vya kuning'inia, medali akazitia kwenye droo ya soksi. Alipofika miaka kumi na tisa hapakuwa na wa kumsogelea nchini. Ndipo wakaenda mashindano makubwa, wasichana wa timu nzima pamoja.

Asubuhi, wakati wa kupasha mwili moto, alikimbia kuelekea meza ya kurukia, akaigusa kwa mikono, akapaa, akaanza kujizungusha. Katikati ya hewa akapotea. Hakujua chini ni wapi. Taa na magodoro vilikuwa kitu kimoja. Akaangukia mgongo, pu!

Akanyanyuka, akajipaka chaki, akarudia. Kujikaza kisabuni hakukuwa kugeni kwake. Ikawa vilevile, ila sasa alitua kwa magoti na meno yakagongana.

Akamwendea kocha, aliyekuwa akifungua chupa ya maji.

"Mamdogo," alisema.

Mkono wa yule mwanamke ukaganda kwenye kifuniko. "Umeumia?"

"Bado. Nikiwa juu sijui niko wapi. Mwili unakwenda wenyewe, mimi nabaki nyuma."

"Si woga?"

"Woga naujua. Huu sio."

Kiongozi wa timu akasogea, bwana mwenye suti ya michezo isiyowahi kuonja jasho. "Presha tu hiyo," alisema. "Akianza itakwisha."

"Na isipokwisha? Akivunjika shingo, nani atakwenda kumwambia dada yangu? Wewe hata kwake hupajui."

"Sasa tufanyeje?"

"Abaki na boriti, ashuke bila kujizungusha. Kwingine kote aingie wa akiba."

Wa akiba alikuwa msichana aliyeitwa Kijiti. Aliambiwa akiwa bado anatafuna biskuti. Alirukia ile meza, akakaa kitako mbele ya waamuzi, na timu ikakosa medali kwa pointi chache tu. Panzi alimaliza wa tano kwenye boriti. Watu walimpigia makofi ya huruma.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Kijiti alimkalia kando, akifungua bandeji za mikono.

"Ungejaribu tu," alisema.

"Ningejaribu, sasa hivi ningekuwa hospitali."

"Sawa. Na mimi je? Nilitupwa kule kama kifurushi, hata kuulizwa sikuulizwa."

Tangu asubuhi Panzi alikuwa ameiwazia shingo yake. Ya Kijiti haikumpitia akilini hata mara moja. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

"Samahani," alisema. Kijiti aliendelea kufungua bandeji.

Waliporudi nyumbani, kocha alimwanzisha upya. Panzi alijirusha kwenye shimo la sponji pamoja na watoto wadogo, ambao walimcheka waziwazi kila alipozama. Mizunguko ilimrudia mmojammoja, tena kwa maringo. Siku moja Kijiti, aliyekuwa akipita, alisimama ukingoni.

"Unatazama dari," alisema. "Unatafuta nini huko?"

"Sijui."

"Basi acha. Tazama miguu yako."

Hawakupata kuwa marafiki wa kutembeleana, lakini tangu hapo Kijiti alikuwa akisimama pale ukingoni akimkosoa bila kumwonea haya, na Panzi alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza kocha. Meza ya kurukia hakuigusa tena. Kijiti ndiye aliyekuwa mrukaji wa timu. Panzi alibaki na boriti, na katika mashindano makubwa yaliyofuata akapata medali ya fedha.

Mwaka uleule kifundo cha mguu kilimgomea, akaacha. Mama yake alimuuliza sasa atafanya nini. Akasema kwanza atalala.