Robo Saa ya Mabibi Kumi na Watano

Jana niliota mchana kweupe. Kwetu Muheza ndoto ya mchana haina msikilizaji, lakini hii nitaisema. Nilikuwa nimejidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, chakula kikiwa bado jikoni, nikajilaza kidogo. Kosa langu hilo, silikatai.

Naona nashuka ngazi. Kwenye ukuta wa kila ghorofa pameandikwa namba: tano, nne, tatu. Kipimo changu cha sukari kinatangulia, kimevaa koti la daktari.

"Hapa jasho," kinasema kwenye nne. Jasho likanitoka. "Hapa mikono," kwenye tatu. Mikono ikatetemeka. "Chini ya mbili, mzee, hakuna ngazi tena. Wanaofika hawapandi."

Nikaogopa kwelikweli.

Mara ngazi zimekuwa jiko letu, ila limepanuka kama uwanja wa mpira. Juu ya kabati limekaa kopo la sukari, na karatasi aliyoibandika mke wangu: BABA SAUDA ASIGUSE.

"Funguka," nikaliambia.

"Una kisukari," kopo likajibu. "Na mimi ni kopo lenye msimamo."

"Sukari yake imeshuka," kipimo kikasema. "Leo dawa ni wewe."

Kopo likafikiri. "Kumbe hata mimi nina siku yangu," likasema taratibu, likajifungua.

Nikala vijiko vitatu. Sukari ile ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, ikateremka ndani yangu ikiwasha taa mojamoja. Nililia, wala sioni haya kusema.

"Niongeze?"

"Subiri robo saa, kisha upimwe," kipimo kikasema.

Robo saa ikapiga hodi, ikaingia: mabibi kumi na watano, kila mmoja dakika yake, wakaketi jamvini.

"Bibi zangu, fanyeni haraka."

"Haraka ndiyo iliyokuleta huku, mwanangu," akasema wa kwanza. Akakaa mpaka dakika yake ikatimia, ndipo akainuka. Wakatoka hivyo mmojammoja, na kila aliyetoka aliniachia nguvu kidogo magotini. Nikawatazama mdomo wazi. Sikuwahi kujua kwamba dakika moja ni kitu kikubwa namna ile.

Nikafumbua macho. Mke wangu amesimama kando ya kitanda changu, sahani ya wali mkononi, anageuka kutazama mlango.

"Baba Sauda, yule bibi niliyepishana naye hapo ni nani? Kasema yeye ndiye wa mwisho, nikupime sasa hivi."