Shibiri Kumi na Moja

Fundi plasta anayekaa mlango wa pili anasema alimwona Twiga kwa macho yake mwenyewe akiinua ule ubao wa ghorofa ya sita. Anaapa kabisa. Ubao ulikuwa umelala sakafuni, haujapigiliwa msumari wala kuandikwa kitu, na saidia fundi wote walizoea kuchukua mbao za namna hiyo kwenda kukorogea saruji. Twiga naye akauchukua. Akaubeba mbele ya uso kama mtu aliyebeba kioo, akapiga hatua moja, na hatua hiyo ikaingia kwenye tundu la mabomba ambalo ubao ulikuwa umelifunika.

"Basi hapo ndipo alipoanza kuanguka," fundi plasta humalizia. "Ubao ukabaki juu. Mwenzake akaenda nao kukorogea."

Siku hiyo hakufika chini. Wiki ya kwanza alishuka shibiri moja kwa siku, amesimama wima, mikono imekaa kama bado kabeba kitu. Walimfunga kamba wakamvuta watu wanne. Kamba ikashuka naye, ikabidi waiachie. Mkewe alikuja kila saa sita mchana na bakuli, akamlisha kwa kijiko akiwa ukingoni mwa tundu, kisha akapima ukuta kwa kiganja na kuweka alama ya chaki.

"Twiga, hata kuanguka unachelewa?" wenzake walimtania wakipita na ndoo.

"Nyie wenye haraka, tangulieni."

Kila alipofika kwenye sakafu nyingine, walitoa ubao uliofunika tundu, akapita, wakaurudisha vilevile. Mkewe aliuliza kwa nini hawaupigilii. Mtunza stoo akasema misumari iliyopo ni ya paa.

Jumanne moja alikuja mkaguzi. Akakaa na msimamizi juu ya mifuko ya saruji, wakafungua fomu ya ajali.

"Hapa wanauliza ameangukia wapi," mkaguzi akasema. "Ameangukia wapi?"

"Bado."

"Basi hakuna ajali."

Akafunga fomu. Akamsalimia Twiga kwa heshima, akamuuliza kama anasikia kizunguzungu, akaondoka.

Mwezi wa pili shibiri zikawa mbili kwa siku, kisha nne. Mkewe hakumwambia. Lakini Twiga alijua, kwa sababu kola ya shati ilianza kumpigapiga shavuni na upepo hakuna.

"Mama watoto," akasema siku moja, chakula kimejaa mdomoni, "huko chini kuna nini? Shingo hainami."

"Kuna sakafu, baba."

"Tupu?"

"Kula kwanza."

Chini kulikuwa na nondo saba zilizochomoza kwenye zege, ncha juu. Ziliwekwa kwa ajili ya nguzo ambayo mchoro mpya ulikuwa umeihamishia upande wa pili. Mke alijaribu kuzikunja kwa mikono, zikamchubua. Akachukua nguo za watoto zilizowabana, akazifunga kwenye ncha, moja moja. Kisha akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapima kutoka ncha hadi kwenye soli za buti za mumewe. Shibiri kumi na moja. Hata siku tatu hazifiki.

Msimamizi alikuwa anateremka ngazi. Mke akashuka kwenye ndoo, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula. Bosi, hizi nondo hazina kazi tena. Naomba mzikate. Ni saba tu."

Msimamizi akazitazama moja moja, na nguo zake. Akamwinulia Twiga mkono. Simu yake ikalia, akapokea, akageuka na kupanda nayo juu.

Punde mashine ya kukatia ikaanza kulia huko ghorofani. Mke akainua kichwa, akasikiliza vizuri. Walikuwa wanakata vigae.

"Bosi," akaita kuelekea ngazini. "Nondo, bosi."