Dawa ya Sifongo

Profesa, ambaye maabara nzima ilimwita Mzee wa Kamera, alipenda kuonekana kuliko kufanya kazi. Siku maji yaliyokamuliwa kwenye sifongo, mnyama wa baharini mwenye matundu matundu, yalipoua seli za saratani ndani ya kisahani cha plastiki, hata kabla jaribio halijarudiwa, yeye alishavaa tai na kuita redio. "Tiba imetoka baharini," akatangaza, kifua mbele, kana kwamba ndiye aliyezamia kumng'oa mnyama yule mwambani.

Fundi wake wa maabara alisikiliza huku akisuuza vyombo, akacheka kwa dharau. Yeye ndiye aliyezihesabu seli zile. Alijua kwamba seli nzima, zisizo na ugonjwa wowote, zilikufa pia, tena zilitangulia. Ndani ya kisahani hata sabuni ya kuoshea vyombo huua saratani. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na yeye alinyamaza, kibarua chake kisije kikaota nyasi.

Baada ya mwezi mmoja na nusu alikwenda kumwona shangazi yake, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi. Akaikuta kadi ya kliniki mezani, tarehe mbili zimepita bila muhuri.

"Shangazi, hukwenda kuwekewa dripu?"

"Nimechoka kutapika, mwanangu. Nasubiri ile ya sifongo. Si ya kwenu kazini? Majirani wote nimewaambia."

Fundi akalisoma jina la dawa kwenye kadi, akakaa kitandani taratibu. Alilijua.

"Hii unayoikimbia ndiyo ya sifongo, shangazi. Asili yake ni sifongo mwingine. Watu wamehangaika naye miaka na miaka mpaka ikaingia kwenye dripu yako. Hiyo ya Profesa haijamponya hata panya."

Shangazi akaivuta kadi kwake. "Kwa nini hukusema redioni?"

"Nani angeniuliza mimi?"

"Na mimi je? Simu yangu unayo."

Siku zote hizo fundi alimcheka Mzee wa Kamera, akajiona mwerevu; sasa aibu ikamshika hadi masikioni.

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Daktari alipapasa kwapa la shangazi, akarudia kupapasa, kisha akaandika kipimo cha ini ambacho hakikuwapo kwenye ratiba, kuona kama ugonjwa umesambaa. Shangazi hakumuuliza daktari kitu. Alimgeukia fundi, akamtazama.