Sikio la Gereji Yetu

Muuguzi alirudisha gari lake asubuhi, na kabla hajazima injini nilishajua amekuja kunilaumu.

"Fundi, bado linalia. Nikishika mwendo tu, wiii, kama mbu."

"Nilibadilisha mkanda," nikasema.

"Ndiyo. Na linalia."

Tulitoka kulijaribu, mimi nikiendesha. Njiani akainua kidole. "Hilo hapo. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye mawazo mazito. Sikusikia kitu. Miaka mingi ya kugonga vyuma imenila masikio: sauti nene bado zinanifikia, nyembamba zimenitupa mkono. Ule mkanda niliubadilisha kwa kubahatisha tu, na fundi mzima hatakiwi kubahatisha.

Zamani nisingefanya hivyo. Mke wangu alikuwa anakaa kiti cha nyuma, macho kayafumba, mimi naendesha. Akisema "kulia, nyuma," nafungua kulia, nyuma, na ugonjwa naukuta pale pale. Wateja walimwita Sikio, na wengine waliamini mimi ni dereva wake tu. Kisha binti yetu, aliyeolewa mbali, akajifungua pacha, na Sikio akaenda kumsaidia kwa muda mfupi. Pacha sasa wanatembea. Juzi binti alinipigia akaniuliza, kwa kubembeleza, kama mama anaweza kubaki huko moja kwa moja. Nikamjibu kwamba aamue mama yake mwenyewe. Kilikuwa kiburi kitupu. Namtamani mke wangu mpaka kile kikohozi chake cha alfajiri kilichokuwa kinaniudhi, ila kumwambia mtu "rudi" ni kazi ambayo sikuwahi kufundishwa.

Nikaegesha pembeni, nikapiga moyo konde, nikampigia simu.

"Una mgonjwa gani?" akauliza. Hata salamu hakunipa.

"Gari linalia. Nimebadilisha mkanda, bado."

"Na wewe hulisikii."

Muuguzi akanigeukia. Mimi nikatazama mbele, kana kwamba wanasemwa watu wengine. Nikaweka simu kwenye spika, nikamkabidhi, nikamwomba ahamie nyuma. Tukaingia barabara pana isiyokuwa na magari.

"Ongeza mwendo," Sikio akaamuru. "Hapo hapo. Sasa kanyaga klachi, toa gia, liache liende lenyewe."

Gari likateleza.

"Bado linalia vile vile. Basi injini haina kosa. Ni magurudumu. Dada, sogeza simu mbele, chini karibu na miguu ya huyo mzee. Sasa irudishe nyuma. Ni mbele. Mzee, yumba kushoto kidogo. Limenyamaza. Yumba kulia. Unaona? Ukikata kulia uzito unalalia kushoto, ndipo linalia. Beringi ya mbele kushoto. Na mkanda wa mtu uliutoa wa nini?"

"Ulikuwa umechakaa."

"Haukuwa umechakaa," muuguzi akasema nyuma yangu.

Sikio akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha tumboni, kinene, kinachonifikia vizuri, na mimi nikapunguza mwendo ili tuchelewe kufika.

Gereji yetu iko uani kwetu, nyuma ya geti la chuma. Nikapiga jeki, nikalizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja na mwingine nikauweka kwenye springi, nikahisi ukwaruzo ambao sikio lilininyima. Beringi ilipotoka, gololi zake zilikuwa zimeliwa. Nikaweka mpya, nikakaza, tukatoka tena na simu ile ile.

"Kimya," Sikio akasema. "Limepona. Haya, mzee."

Kazi ilikwisha, na sababu ya kumpigia ikaisha nayo. "Ngoja kwanza tufike nyumbani," nikasema. Sikuwa na sababu nyingine. Akangoja.

Tulipofika, muuguzi alinirudishia simu, akashuka kunisukumia geti.

"Kumbe hilo geti bado linapiga kelele hivyo," Sikio akasema.

"Kelele gani?"

"Mume wangu, geti letu hulisikii?"

Miaka yote alinisumbua nilitie mafuta, nami nikakataa. Nikiwa nimelala chini ya gari, geti likilia kwa ile namna ya mkono wake, najua amerudi, naendelea kukaza nati zangu kwa raha.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Hajaingia mtu ninayemsubiri."

Nikazima injini. Muuguzi, Mungu amjalie, akajifanya anakagua tairi upande wa pili.

"Rudi, mke wangu," nikasema. "Si kwa ajili ya magari. Magari nitayakataa. Nyumba hii imenishinda bila wewe, na nina hamu na wewe mpaka nashindwa kula."

"Leo umesema," akajibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na nikija utajuaje nimefika?"

"Nitakuwa nimekaa nje."

Hakunitajia siku. Muuguzi alipoondoka nilichukua kigoda changu cha gereji, nikakiweka kando ya geti, nikakaa nikilitazama.