Gramu Nane za Oksijeni

Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi humwita Mwongozo, alinikaribisha kiti nikakikataa. Sikwenda pale kukaa. Nilikuwa na karatasi ya mtihani ya binti wa kaka yangu mkononi, na damu ilikuwa inanichemka tangu asubuhi.

Swali lilikuwa hili: gramu nane za gesi ya oksijeni zina atomi ngapi? Binti alifanya kama nilivyomfundisha mezani kwangu. Aligawa nane kwa thelathini na mbili, ambazo ni gramu za moli moja ya gesi hiyo, akapata robo moli. Akazidisha kwa ile namba ndefu ya molekuli zilizomo katika moli moja, akapata idadi ya molekuli. Kisha akazidisha kwa mbili, maana kila molekuli ya oksijeni ni atomi mbili zilizoshikana. Mwongozo akaikata ile mbili kwa wino mwekundu na kumnyima alama tatu. Akabaki na hamsini na nane, na chuo cha mafundi wa maabara hakipokei mtu chini ya sitini.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita katika maabara ya hospitali. Nikikosea moli mimi, anayeumia ni mgonjwa. Nilimweleza hayo polepole, meno yameumana. Akafungua kijitabu chake cha mwongozo wa kusahihishia, akaniwekea kidole kwenye mstari usemao moli moja ina chembe kiasi fulani.

"Chembe ni chembe tu, mama," alisema. "Atomi, molekuli, zote chembe."

"Mwalimu, jozi kumi za viatu ni viatu vingapi?"

Alijua, naapa alijua, maana alishindwa kunitazama usoni. Akanionyesha karatasi mia na arobaini kabatini, akasema akikubali hii moja itabidi azipitie zote upya, na mkuu wa shule atauliza mwaka jana ilikuwaje. Binti arudie mtihani tu. Nilimwambia ni mvivu na mwoga, nikatoka bila kuaga.

Binti akarudia. Swali likaja lile lile, safari hii gramu kumi na sita. Akapata sitini na nne. Nilimkumbatia hadi hasira ikanitoka, kisha nikaomba kuiona karatasi. Nusu moli, sawa. Molekuli, sawa. Halafu akaishia hapo na kuandika "atomi" mbele ya jibu. Alama nyekundu ya vema ilikaa pembeni.

"Mwanangu, na ile mbili?"

"Naijua, shangazi. Nimewaandikia wanachotaka." Aliichukua karatasi mkononi mwangu taratibu. "Kwani ulitaka niingie chuoni au hukutaka?"

Nilitamani kurudi shuleni nikampindulie yule mtu kabati lake. Badala yake nikamwambia binti hongera, kwa kuwa kweli nilitaka aingie, na kwa hilo nikajichukia kuliko nilivyomchukia mwalimu wake.