Pole ya Mpunga

Mpunga ukianza kupigwa, Fulgensi naye huanza kulia. Si kwa uchungu. Ni aleji. Vumbi la mpunga likimgusa tu, pua inachuruzika na macho yanaiva. Nesi aliwahi kumpa vidonge, vikamsaidia kweli, ila mwaka jana kimoja kilimlaza kwenye usukani, akaja kuamka lori liko ndani ya miwa karibu na Kidatu. Tangu hapo, akiwa na safari hamezi kitu. Anafunga pua kwa kitambaa kibichi, anaendesha na chafya zake.

Siku hiyo alifika Michenga kupakia mzigo, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mama Klementina, mwenye mpunga, alikuwa anapepeta. Fulgensi akataka kumwamkia, lakini badala ya shikamoo ikatoka chafya iliyofanana na kwikwi.

Mama Klementina akaweka ungo chini. "Jamani, mwanangu! Umefiwa?"

Ikatoka nyingine.

"Pole. Pole sana. We Makoye, acha hilo gunia, leta mkeka!"

Makoye, kiongozi wa wapakiaji, akavua kofia. Mkeka ukatandikwa, chai ikaja, wapakiaji wote wakakaa kumzunguka, kimya, maana mfiwa haachwi peke yake. Fulgensi alijua anapaswa kusema ukweli. Lakini chumba chake cha kupanga kule Viwanja Sitini kina kitanda na sahani moja, na hakukumbuka ni lini mtu alikaa karibu naye bila kumuuliza lori linaondoka saa ngapi. Akapokea chai.

"Nitajie jina la marehemu," mama Klementina alisema taratibu. "Jioni jumuiya inasali hapa kwangu. Tutamwombea."

Fulgensi akatafuta jina. Wazazi walishaombewa zamani. Mke aliyemwacha yuko Mahenge, mzima, na hakuwa tayari kumuua kwa mdomo. Watoto hakujaliwa. Akatafuta hata rafiki. Jina lililobaki lilikuwa lake mwenyewe, nalo lilishafika kwenye ulimi. Likamtisha.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni huu mpunga. Unanidhuru."

Makoye akarudisha kofia kichwani.

"Yaani dereva unalizwa na ubwabwa?"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. "Kapakie mkaa, kaka!" mmoja alisema, wakainuka kurudi kwenye magunia. Mama Klementina naye alicheka, kisha akamtazama kidogo.

"Maliza chai, inapoa," alisema. Fulgensi alipomaliza, mama akaukunja mkeka, akarudi kwenye ungo wake.

Fulgensi alifika Viwanja Sitini jua likiwa bado juu. Safari imekwisha, sasa angeweza kulala. Akameza kidonge, akakaa kitandani kukisubiri. Chafya ikamtoka, kubwa, chumba kikaitika.

Akangoja kidogo.

"Pole," akajiambia.